Mlenda kama wa Misri, karanga kama za Senegal: Ladha za dunia kwa mazao ya Dodoma

Dodoma. Katika nyumba nyingi za Mkonze, kata iliyo ndani ya Jiji la Dodoma, swali la jioni si kama kuna unga. Unga upo. Swali ni mboga. Mlenda ulikuwepo jana, maharage yalikuwepo juzi, na leo vinarudi vilevile. Mtoto anamega matonge mawili, anasukuma sahani, anasema ameshiba. Nusu saa haijapita anaomba hela ya chipsi.

Mzazi akichoka na vita hivyo hufanya moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni kuongeza mafuta, chumvi na viungo vya paketi ili mboga "ichangamke". La pili ni kukimbilia chakula cha nje: tambi, soseji, viazi vya kukaanga. Simu nayo inaongeza mzigo. Video za mapishi ya Italia, China na Mexico zinapita usiku kucha, lakini mapishi hayo yanadai jibini, krimu na sosi ambazo bei yake ni sawa na mboga ya siku tatu.

Lipo jambo la tatu, na halina gharama kubwa. Dunia imejaa watu wanaokula mazao yaleyale yanayolimwa Dodoma. Mtama, uwele, karanga, kunde, choroko na hata mlenda viko mezani Cairo, Dakar, Mumbai na Kano, na huko watoto huvipenda. Kinachotofautiana ni mkono wa mpishi. Familia ya Mkonze haihitaji kuagiza chakula cha mbali; inahitaji kuazima mbinu.

Jiko la "asili" limeshatembea

Wazazi wengine husita, wakidhani kupika kigeni ni kuacha mila. Historia ya sufuria zetu inasema vingine. Mahindi, mihogo, karanga, nyanya na pilipili vyote asili yake ni bara la Amerika. Vilifika Afrika baada ya safari za meli za Wareno na wenzao kuanzia mwishoni mwa karne ya 15. Chapati na sambusa zilivuka Bahari ya Hindi. Pilau ina ukoo Uajemi, India na nchi za Kiarabu, na leo hakuna harusi ya Dodoma inayokamilika bila hiyo.

Upande mwingine, mtama ulianza kulimwa kaskazini mashariki mwa Afrika maelfu ya miaka iliyopita, ukasafiri hadi India. Uwele ulianzia Afrika Magharibi. Kunde ni za Afrika. Mkwaju pia asili yake ni bara hili, ingawa Waarabu waliuita tende ya India. Kwa hiyo bibi wa Maharashtra anayetandaza mkate wa mtama kwa viganja vyake anakula nafaka iliyotoka kwetu. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa ulezi, uwele, mtama na nafaka za jamii hiyo, kwa sababu zinastahimili ukame na zina lishe nzuri.

Mkonze yenyewe ni mfano wa mchanganyiko. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji kutangazwa kuwa jiji Aprili 26, 2018, familia kutoka mikoa mbalimbali zimejenga jirani na wenyeji Wagogo. Anayejua mtori anaishi ukuta mmoja na anayejua samaki wa nazi na anayejua mlenda wa karanga. Mapishi yanapita juu ya uzio kila siku. Kuongeza ya Misri au Senegal ni kuendeleza safari hiyohiyo.

Kwa nini sahani moja haitoshi

Suala hili si la ladha peke yake. Utafiti wa kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa 34. Hatua imepigwa, lakini bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu. Utafiti huo wa 2015/16 ulionyesha pia kuwa watoto 58 kati ya 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Malaria na minyoo vina mchango wao, na chakula kisicho na madini ya chuma ya kutosha kina wake.

Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF wanagawa chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi 23 katika makundi manane: maziwa ya mama, nafaka, mizizi na ndizi, jamii ya kunde, karanga na mbegu, maziwa na mazao yake, nyama, kuku na samaki, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A kwa wingi, na mboga na matunda mengine. Mtoto anapaswa kupata angalau makundi matano kwa siku. Ugali na mlenda uliochemshwa kwa maji na magadi ni makundi mawili. Ukiongeza karanga zinakuwa matatu, supu ya kuku yenye minofu inaleta la nne, na maziwa mgando pembeni yanakamilisha matano.

Hali ya hewa ya Dodoma nayo ina neno. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni mikavu. Mboga mbichi hupungua na bei yake hupanda. Ndiyo maana wenyeji walijifunza zamani kukausha mlenda na majani ya kunde. Mapishi yanayofaa hapa ni yale yanayokubali mboga kavu, nafaka na jamii ya kunde, ambavyo huhifadhika mwaka mzima.

Ladha bila kuzidisha chumvi

WHO inashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo ni karibu kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Mtoto anahitaji pungufu ya hapo. Kiasi hicho kinahesabu chumvi yote: ya ugali kwa wanaoweka, ya mboga, ya mkate, na iliyofichwa ndani ya viungo vya unga na vya vidonge. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya ya kawaida hubeba gramu 2 au zaidi. Chumvi ikizidi kwa miaka, shinikizo la juu la damu hufuata.

Wapishi wa nchi nyingine wana njia tatu za kuipa mboga uhai bila kumimina chumvi.

Ya kwanza ni uchachu. Limao, ukwaju, ubuyu na maziwa mgando huuamsha ulimi, na mboga yenye chumvi kidogo huonekana imekolea. Ukwaju na ubuyu vinapatikana kwa wingi Dodoma, na vingi huishia kwenye juisi na pipi tu.

Ya pili ni kukaanga viungo vizima. Mbegu za binzari nyembamba au giligilani zikipata joto kwa nusu dakika hutoa harufu ambayo unga wa paketi wa miezi sita hauwezi kuitoa. Katika masoko ya Majengo na Sabasaba viungo hivi hupimwa kidogokidogo. Nunua mbegu nzima, kaanga bila mafuta, twanga, hifadhi kwenye chupa yenye mfuniko.

Ya tatu ni muda. Kitunguu kikikaangwa polepole hadi kiwe cha kahawia, na nyanya ikikaushwa hadi mafuta yajitenge, utamu wake huongezeka wenyewe. Hapa kinachotumika ni subira, na subira haiuzwi dukani.

Mlenda kwa mkono wa Misri

Wamisri wana chakula wanachokiita molokhia. Majani yake ni ya mmea ambao ndugu zake huchumwa Dodoma msimu wa mvua na kuitwa mlenda. Wamisri huyala mabichi na makavu, kama Wagogo. Wanakipenda kiasi kwamba historia inamkumbuka Khalifa al-Hakim, aliyetawala Cairo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kwa kukipiga marufuku. Marufuku ilikufa, molokhia ikabaki.

Siri yao ni supu na kile wanachokimwagia mwishoni: kitunguu swaumu na giligilani vilivyokaangwa kwa samli.

Kwa watu watano: mafungu matatu ya mlenda mbichi, au vijiko vinne vya chakula vya mlenda mkavu uliosagwa, vikombe vitatu vya supu ya kuku au mifupa, punje tano za kitunguu swaumu, kijiko kimoja cha chai cha giligilani kavu iliyotwangwa, kijiko kimoja cha chakula cha samli au mafuta ya alizeti, nusu limao, nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Osha majani, yakaushe maji, kisha yakatekate hadi yawe laini kabisa. Chemsha supu na chumvi. Tia majani huku ukikoroga, punguza moto, acha dakika tano hadi nane bila kufunika. Kama ni mlenda mkavu, unyunyize kidogokidogo huku ukipekecha ili usifanye madonge, kisha uongeze dakika chache. Pembeni, pasha samli, tia swaumu iliyopondwa, ikianza kubadilika rangi tia giligilani, hesabu hadi kumi, mimina yote ndani ya mlenda. Epua na ukamulie limao.

Limao lina kazi mbili. Linapunguza utelezi, ambao ndio watoto wengi huulalamikia, na vitamini C yake inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika majani. Likamulie baada ya kuepua, maana moto huiharibu vitamini hiyo. Magadi hayahitajiki hapa. Hulainisha mboga haraka, lakini hupoteza baadhi ya vitamini na kuongeza sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi.

Karanga kama za Dakar

Dodoma na karanga vina historia ndefu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha Kongwa mradi mkubwa wa kulima karanga kwa matrekta. Ukame, udongo unaokuwa mgumu kama saruji na mitambo iliyoharibika viliushinda. Ulifutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Wakulima wadogo wa Dodoma wameendelea na karanga zao hadi leo.

Nyumbani, karanga zilizosagwa humwagwa kwenye mboga ya majani mwishoni. Afrika Magharibi huzianza mapema. Senegal na Mali hupika mchuzi mzito uitwao mafé, ambamo karanga huchemka taratibu pamoja na nyanya hadi mafuta yake yenyewe yaelee juu. Alama hiyo ndiyo humwambia mpishi kuwa mchuzi umeiva.

Kwa watu watano: nusu kilo ya kuku au nyama, au vikombe viwili vya maharage yaliyochemshwa kwa siku isiyo na nyama, kitunguu kimoja kikubwa, nyanya nne, robo tatu ya kikombe cha karanga zilizokaangwa na kusagwa hadi zilainike, zisizo na sukari, karoti mbili, viazi vitamu viwili, kipande cha kabichi, tangawizi kiasi cha kidole gumba, pilipili moja nzima, vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti, nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Kaanga kitunguu hadi kiwe cha kahawia, tia nyama igeuke rangi, kisha tangawizi na nyanya. Kausha nyanya vizuri. Koroga karanga na kikombe kimoja cha maji ya moto hadi ziwe uji, mimina, ongeza vikombe viwili vya maji. Tia karoti, viazi vitamu na pilipili ikiwa nzima, bila kuipasua. Acha moto mdogo dakika 30 hadi 40, ukikoroga kwa mwiko mara kwa mara kwa kuwa karanga hushika chini. Kama kuku ni wa kienyeji, mchemshe kwanza na utumie supu yake badala ya maji. Kabichi iingie dakika kumi za mwisho. Toa pilipili kabla ya kupakua.

Kuweka pilipili nzima ni busara ya wapishi wenye watoto: harufu inabaki, ukali hauingii. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vikipatikana, chagua hivyo, kwani vina vitamini A kwa wingi. Ukitumia maharage, yatie pamoja na viazi.

Choroko za India na mkate wa mtama

Wahindi huchemsha choroko hadi zipondeke, kisha hukaanga viungo pembeni na kuvimwaga juu vikiwa bado vinachemka. Ule mlio wa mafuta unapogusa choroko huwaita watoto mezani kabla hawajaitwa.

Loweka kikombe kimoja cha choroko usiku. Mwaga maji ya kulowekea, chemsha kwa vikombe vinne vya maji na nusu kijiko cha chai cha manjano hadi zilainike. Ponda kidogo kwa mwiko. Tia nyanya moja iliyokatwa, vijiko viwili vya chakula vya maji mazito ya ukwaju na chumvi kidogo. Kwenye kikaango, pasha vijiko viwili vya chakula vya mafuta, tia kijiko kimoja cha chai cha mbegu za binzari nyembamba. Zikianza kurukaruka, tia swaumu iliyokatwa, isubiri iwe ya dhahabu, mimina juu ya choroko na ufunike mara moja.

Mkate wa mtama unaoandamana nazo huko Maharashtra huitwa bhakri. Unga wa mtama hauvutiki kama wa ngano, hivyo usitumie maji baridi. Chemsha kikombe kimoja cha maji, mimina kwenye vikombe viwili vya unga, koroga kwa mwiko, subiri upoe kiasi cha kushikika, kisha ukande kwa nguvu hadi ulainike. Ukivunjika, ongeza maji ya moto kidogokidogo. Gawanya madonge, gandamiza kila moja kwa kiganja juu ya unga mkavu hadi liwe kama chapati nene, choma kwenye kikaango kikavu pande zote mbili. Hakuna tone la mafuta.

Kwa watoto anza na mtama mweupe, kama mbegu ya Macia, kwa sababu ladha yake ni nyororo. Baadhi ya aina za mtama zenye punje nyekundu au kahawia zina tanini, kitu kilekile kinachofanya chai iwe na ukakasi, na tanini hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma. Kwa sababu hiyohiyo, chai isinywewe pamoja na chakula. Isubiri saa moja au zaidi.

Majani ya mzabibu yasitupwe yote

Dodoma inajulikana kwa zabibu, na kituo cha utafiti cha Makutupora kimeshughulikia zao hilo kwa miaka mingi. Tunachokula ni tunda tu. Uturuki, Ugiriki na Lebanoni hula pia majani, wakiyajaza wali na kuyafunga kama vifurushi vidogo. Ni chakula cha kufanya na watoto siku ya Jumamosi, kwa kuwa vidole vidogo hufunga vizuri kuliko vikubwa.

Chuma majani machanga yenye ukubwa wa kiganja. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka dakika mbili au tatu, yachuje. Changanya kikombe kimoja cha mchele ulioosheka, kitunguu na nyanya zilizokatwa vidogo, giligilani mbichi, robo kilo ya nyama ya kusaga ukiwa nayo, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta na chumvi kidogo. Laza jani, upande wenye mishipa ukiangalia juu, weka kijiko kimoja cha chai cha mchanganyiko, kunja pembeni, viringisha. Usikaze sana, mchele huvimba. Panga kwenye sufuria, gandamiza kwa sahani, tia maji ya moto hadi yafunike pamoja na maji ya limao moja. Pika kwa moto mdogo dakika 45.

Tahadhari ni moja na haina mjadala: mizabibu hupuliziwa dawa za ukungu na wadudu. Tumia majani ya mzabibu wa nyumbani usiopuliziwa. Kama yanatoka shambani, muulize mwenye shamba alipulizia nini na lini. Asipokuwa na jibu, yaache.

Kitafunwa cha baada ya shule

Wahausa wa Nigeria na Niger huchanganya uwele uliopikwa na maziwa mgando, wakakiita fura da nono. Kwa nyumbani, pika unga wa uwele kwa maji kidogo na tangawizi hadi uwe ugali mgumu, upoe, uumumunye ndani ya maziwa mgando yaliyotokana na maziwa yaliyochemshwa. Badala ya sukari, ponda ndizi mbivu moja. Mtoto akirudi shule na njaa, kikombe kimoja kinamfikisha jioni bila kupita kwenye chipsi.

Sumukuvu: hatari isiyoondolewa na moto

Mapishi haya yanaegemea karanga na nafaka, na hapo ndipo mzazi wa Dodoma anapaswa kuwa makini kuliko wote. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumukuvu uliotokana na mahindi yaliyochafuliwa. Watu 68 waliugua na 20 walifariki dunia, wengi wa waathirika wakiwa watoto. Sumu hiyo hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyokumbwa na ukame shambani au yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Ikiliwa kidogokidogo kwa muda mrefu huharibu ini na huongeza hatari ya saratani ya ini.

Kuchemsha na kukaanga hakuimalizi. Kinga ni kuchambua kabla ya kupika. Mwaga karanga kwenye ungo mahali penye mwanga, toa zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, na zenye ladha chungu zitemwe. Ulizochagua kutupa zisiwe uji wa mtoto, wala chakula cha kuku. Kwa sababu hiyo, ni salama zaidi kununua karanga nzima na kuzisaga mwenyewe kuliko kununua unga wake, ambao haumwonyeshi mnunuzi kilichokuwemo. Wanaovuna wenyewe waanike juu ya turubai, si juu ya ardhi, na wahifadhi zikiwa kavu kabisa.

Mtoto akikataa mara ya kwanza

Mtoto anayekunja uso mbele ya chakula kipya hajatoa hukumu ya mwisho. Tafiti za ulaji wa watoto zinaonyesha kuwa wengi huhitaji kuonjeshwa mara 8 hadi 15 kabla ya kukubali. Mpe kijiko kimoja pembeni ya chakula anachokijua, usimlazimishe, usimpe pipi kama zawadi, na mwache akuone wewe ukila. Usibadilishe vitu viwili kwa siku moja: mlenda wa Misri uende na ugali wa kila siku, na mkate wa mtama uende na maharage aliyoyazoea.

Anayeanza chakula akiwa na miezi sita anaweza kula mafé au choroko zilizopondwa, zikitolewa pembeni kabla ya chumvi na pilipili kuingia. Karanga apewe zikiwa zimesagwa laini na kuchanganywa kwenye chakula. Karanga nzima humkaba mtoto mdogo, asipewe hadi atimize miaka mitano. Mara ya kwanza mpe kidogo, asubuhi au mchana, na umwangalie. Akivimba uso, akitoka vipele au akipumua kwa shida, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Wiki moja ya kuanzia

Hakuna haja ya kubadili jiko lote. Jumatatu, ugali na mlenda wa swaumu na limao. Jumanne, maharage ya kawaida. Jumatano, choroko na mkate wa mtama. Alhamisi, dagaa na mchicha kama siku zote. Ijumaa, mafé na wali. Jumamosi, majani ya mzabibu kwa mwenye mzabibu. Asiye nao achovye bajia za kunde kwenye ukwaju, chakula ambacho ndugu yake huuzwa mitaani Nigeria na ng'ambo ya Atlantiki huko Bahia, Brazili. Jumapili, chochote kilichobaki.

Kwa orodha hiyo vitu vya kununua ambavyo huenda havipo nyumbani ni giligilani, binzari nyembamba, manjano na ukwaju. Vingine vipo ghalani, au kwa jirani.